Feni Inayopuliza kwa Namba ya Mwisho Tu

Dereva anageuza swichi ya feni hadi namba moja: kimya. Namba mbili: kimya. Namba tatu: kimya. Akifika namba nne upepo unafumuka kwa nguvu zote, vumbi na makaratasi juu ya dashibodi yanapeperuka. Akirudisha tatu, kimya tena. Gerejini anaeleza hivyo hivyo, na kabla hajamaliza fundi ameshajibu: "Hiyo rezista, bosi. Imeungua. Nipe hela nikakuchukulie nyingine."

Fundi hajakosea. Dalili hiyo karibu kila mara ni ya rezista ya feni, na mwenye uzoefu huitambua bila kufungua hata skrubu moja. Ninachokikataa ni kuishia hapo. Rezista haizunguki, haisuguani na kitu, haina kilainishi cha kukauka. Kifaa cha namna hiyo hakifi bure. Kikiungua, uliza kwanza nani kakiunguza: mota iliyokaza, njia ya hewa iliyoziba, au plagi iliyolegea. Usipouliza, utaweka rezista mpya leo, na baada ya miezi michache gari litarudi na ugonjwa ule ule. Mteja atasema aliuziwa spea feki. Huenda spea ilikuwa nzima kabisa.

Wapo wanaoiona feni ya ndani ya gari kuwa ni starehe. Waulize wanaoendesha Njombe au Makete asubuhi ya mwezi wa saba, au Limuru ukungu ukiwa umeshuka. Pumzi za abiria wanne zinatosha kukifunika kioo cha mbele kwa dakika chache. Kinachokikausha ni hewa iliyopita kwenye ivaporeta ya AC ikaacha unyevu wake pale, kisha ikasukumwa na feni hadi kwenye kioo. Feni ikifa, hiyo AC unayoiwasha haifiki popote. Ubaridi unabaki ndani ya boksi lake na ivaporeta inaweza kuganda barafu. Dereva anayeshuka mlima Kitonga wakati wa mvua, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ukifuta kioo kwa leso, lori la tani 30 mbele yake, hana starehe yoyote aliyoikosa. Amekosa macho.

Tuanze na njia ya umeme wenyewe, kwa sababu bila kuijua utabaki kubahatisha. Katika magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, yale ambayo bado ndiyo yamejaa barabarani kwetu, umeme hutoka betri, hupita fyuzi kubwa ya ampea 30 au 40, hupita rilei ya hita, kisha huingia kwenye mota ya feni. Ukitoka kwenye mota hukutana na rezista, halafu swichi ya dashibodi, halafu bodi ya gari, yaani ethi. Swichi kukaa upande wa ethi huwachanganya vijana wanaoanza kazi. Wanapima waya wa mota, wanakuta moto upo pande zote mbili huku feni imelala, wanatangaza mota imekufa. Mota haijafa. Umeme umefika, umepita ndani yake, ukakosa njia ya kutokea.

Rezista ndiyo inayotofautisha namba moja na namba nne. Ndani yake kuna koili, kwa kawaida tatu, zilizofungwa moja baada ya nyingine. Ukiweka namba moja umeme unapita koili zote tatu. Namba mbili unapita mbili, namba tatu unapita moja. Namba nne hauigusi rezista hata kidogo. Swichi inaupa njia ya mkato hadi ethi. Ndiyo sababu namba ya mwisho hubaki hai rezista ikishakufa. Na kwa kuwa koili zimefuatana, ukipoteza namba moja peke yake ujue imekatika ile koili inayotumiwa na namba moja tu. Ukipoteza moja, mbili na tatu kwa mpigo, imekatika sehemu ambayo zote huipitia.

Waya wa koili hizo ni aloi ya nikeli na kromu, ile ile inayopasha pasi na majiko ya umeme. Mmarekani Albert Marsh aliipatia hataza mwaka 1906, na tangu hapo dunia haijaiacha, kwa sababu hustahimili joto kali bila kuliwa na kutu. Lakini kustahimili joto hakuondoi joto. Chukua mfano wa hesabu. Injini inaunguruma, mfumo una volti 13.5. Feni iko namba moja, mota inavuta ampea 4, na rezista yote ina omu 2. Volti 8 zinaishia kwenye rezista. Mota inapata 5.5 na inazunguka polepole kama ulivyotaka. Zidisha volti 8 kwa ampea 4: wati 32. Ndani ya dashibodi yako, muda wote feni ikiwa namba moja, kuna kitu chenye joto la chuma cha kulehemu.

Watengenezaji walilijua hilo. Kwa hiyo rezista haikufichwa pembeni. Imechomekwa kwenye mkondo wenyewe wa hewa, koili zikiwa zimening'inia ndani ya boksi la feni. Upepo unaokuburudisha unaipooza na yenyewe. Ni mpangilio wa busara na wa bei nafuu, nami nauheshimu. Una sharti moja tu: hewa lazima itembee. Siku hewa ikisimama umeme ukiwa bado unapita, kila kitu kinategemea kidude kimoja kidogo kilicho kando ya koili.

Kidude hicho ni fyuzi ya joto. Usiichanganye na ile ya kwenye boksi la fyuzi. Ya kwenye boksi inalinda waya dhidi ya ampea zilizozidi. Hii haijali ampea, inajali joto. Mara nyingi imeandikwa nyuzi zake, kwa mfano 184, na joto likifika hapo inakatika moja kwa moja, hairudi. Ndiyo hiyo sehemu ambayo namba moja, mbili na tatu zote hupitia. Unapoambiwa rezista imeungua, fungua uitazame vizuri: mara nyingi koili zote ni nzima na kilichokatika ni fyuzi ya joto peke yake. Ilifanya kazi iliyowekewa.

Kuna fundi atakayekuambia, kwa nia njema kabisa ya kukuokolea pesa, "Nikiunga kipande cha waya hapa, feni inafanya kazi namba zote." Anasema kweli. Itafanya kazi. Nataka msomaji ajue nini kilitokea mahali ambapo fyuzi hii na mota yake havikupewa uzito unaostahili.

Uingereza, gari la familia la viti saba liitwalo Zafira B liliuzwa kwa jina la Vauxhall kuanzia mwaka 2005 hadi 2014. Likaanza kuwaka moto. Moto ulitokea eneo la hita na feni, kwenye magari ya usukani wa kulia yenye AC ya kuongozwa kwa mkono au yasiyo na AC kabisa, yaani yale yanayotumia rezista ya aina tunayoizungumzia hapa. Wazazi walilazimika kuwatoa watoto garini huku moshi ukitoka kwenye dashibodi. Mwaka 2015 kampuni iliyaita zaidi ya magari 200,000 yarudi kukaguliwa. Maelezo yake yalikuwa kwamba rezista na fyuzi zake za joto zilikuwa zimefanyiwa ukarabati usiofaa. Magari yakarudi, yakakaguliwa, na baadhi ya yaliyokwisha kukaguliwa yakawaka.

Hapo ndipo habari inapotuhusu zaidi. Mwaka 2016 magari yaliitwa mara ya pili, na safari hii macho yalielekezwa kwenye mota ya feni yenyewe. Unyevu ukiingia kwenye mota, kutu inaishika, inazunguka kwa shida, na joto linapanda kwenye rezista. Mwaka huo huo kampuni iliitwa mbele ya Kamati ya Uchukuzi ya Bunge la Uingereza, chini ya mwenyekiti wake Louise Ellman, na ripoti ya kamati iliyotoka 2017 iliilaumu vikali kwa kuchelewa kuchukua hatua. Kampuni yenye wahandisi na maabara zake ilianza kwa kuishughulikia rezista, kisha ikalazimika kurudi kwenye mota. Fundi wa chini ya mwembe mwenye bisibisi na mita ya bei ndogo hawezi kulaumiwa kwa kuanza pale pale. Lakini akishajua, asiishie pale.

Hesabu ya mota iliyokaza inatisha kidogo, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Mota inapozunguka inazalisha yenyewe umeme unaopingana na ule unaoingia, na hiyo ndiyo sababu haivuti ampea nyingi. Ikisimama, upinzani huo unapotea. Rudi kwenye mfano wetu, namba moja, lakini sasa jani gumu limeingia kwenye mapezi au bushi zimekauka na mota imesimama kabisa. Tuseme waya wa ndani ya mota una omu 0.5. Jumla ni omu 2.5, na volti 13.5 zinasukuma ampea 5.4. Joto kwenye rezista linapanda hadi wati 58 hivi, karibu mara mbili ya lile la kawaida, na hakuna hata chembe ya upepo wa kuipooza. Fyuzi ya ampea 30 kwenye boksi je? Inaona ampea 5.4 na haina sababu ya kukatika. Inaweza kukaa hivyo mchana kutwa. Kilichobaki kati ya koili nyekundu na plastiki ya boksi la feni ni ile fyuzi ya joto. Ndiyo ile ambayo yule fundi alitaka kuiunga kwa waya.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na siulegezi: fyuzi ya joto haiungwi kwa waya, hata kwa siku moja, hata kwa gari la kufika nalo nyumbani tu. Gari lifike nyumbani kwa namba nne, au feni ikiwa imezimwa. Wapo mafundi umeme hodari wanaonunua fyuzi ya joto ya nyuzi zile zile na kuibadilisha peke yake. Inawezekana, ila chuma cha kulehemu kikikaa sekunde chache zaidi kwenye mguu wake kinaiyeyusha kabla hata haijaingia garini, na ukiiweka mbali na koili kuliko ilivyokuwa haitahisi joto kwa wakati. Mimi ningenunua rezista nzima.

Mota haiui peke yake. Njia ya hewa inaua pia, lakini kwa namna ambayo wengi wanaieleza kinyume. Utasikia kwamba filta ikiziba mota inateseka, inavuta umeme mwingi, inaunguza rezista. Sivyo. Feni hii ni ya kigurudumu chenye mapezi ya duara, na ukiiziba mdomo wa kuvutia hewa inafanya kazi ndogo zaidi, si kubwa zaidi. Inazunguka kwa kasi, sauti inapanda juu, na ampea zinapungua. Kinachoumia ni rezista kwa sababu imekosa upepo wa kuipooza. Tofauti hii si ya darasani tu. Ukipima ampea za mota ukazikuta za kawaida au za chini, na rezista bado inaungua, usihangaike kubadilisha mota, fungua filta. Kwenye magari mengi tunayoagiza kutoka Japani filta ya hewa ya ndani imekaa nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria, na wamiliki wengi hawajui kama ipo. Nenda kaitazame. Ya gari lililotembea miaka kadhaa kwenye barabara za vumbi jekundu unaweza kuisimamisha mezani kama tofali.

Majani nayo. Gari linalolala chini ya mwarobaini hukusanya vijani vyake kwenye nafasi iliyo chini ya waipa, pale hewa ya nje inapoingilia. Vingine hupenya hadi kwenye mapezi ya feni, ndipo unaposikia ile sauti ya kukwaruza ukiwasha. Vingine huziba matundu ya kutolea maji. Mvua ikinyesha maji yanakosa pa kwenda, yanafurika hadi kwenye boksi la feni, na zulia la abiria linalowa. Gari lenye zulia bichi upande wa abiria na feni inayolia ni gari ambalo mota yake imeshaanza kushika kutu. Ukiona hivyo, kusafisha matundu yale kwa waya laini na maji kunakuja kabla ya spea yoyote.

Muuaji wa tatu ni plagi. Mahali ambapo pini inaingia kwenye tundu lake panatakiwa pabane. Miaka ikipita, springi ya tundu inalegea, kutu ya kijani inaingia, na ukinzani mdogo sana unazaliwa pale. Mdogo, lakini umeme wa feni ni mwingi. Chukua ampea 20 zinazopita kwenye ukinzani wa omu 0.05 tu: 20 mara 20 mara 0.05 ni wati 20, zote kwenye pini moja iliyozungukwa na plastiki. Plastiki inageuka kahawia, kisha nyeusi, kisha inayeyuka. Ukiweka rezista mpya kwenye plagi iliyoungua, umeichomeka kwenye jiko. Na si plagi ya rezista pekee. Ya mota na ya swichi ya dashibodi hupatwa vivyo hivyo, hasa kwa madereva waliozoea kuendesha namba nne kwa muda mrefu kwa kuwa namba nyingine zimekufa.

Sasa vipimo. Anza na kile gari linachokuambia bila kifaa. Feni ikifanya kazi namba nne, tayari umejua kwamba fyuzi ya boksi, rilei na mota vinapata umeme. Usipoteze muda kuvifungua. Ikifanya kazi namba moja hadi tatu na kufa namba nne, rezista haihusiki; angalia swichi, plagi yake, au rilei ya mwendo wa juu kwa magari yenye nayo. Ikiwa imekufa namba zote, hapo ndipo unapoanzia kwenye fyuzi na rilei. Kabla hujaenda mbali, gonga kidogo mwili wa mota kwa mpini wa bisibisi, swichi ikiwa namba nne. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni za ndani zimekwisha na mota inakuaga.

Kwa kutafuta njia iliyokatika, testa ya taa yenye balbu ya kizamani ni bora kuliko mita ya kidijitali. Mita haivuti umeme wa maana, kwa hiyo itakuonyesha volti 12 hata kwenye waya uliobakiwa na uzi mmoja mwembamba, ukidhani ni mzima. Balbu inadai umeme wa kweli. Waya mbovu ukipimwa nayo inawaka kwa ufifi au haiwaki. Mita itoe kwa kazi mbili: kupima omu za rezista iliyochomolewa, na kupima volti zinazopotea njiani feni ikiwa inafanya kazi. Kwa omu, kwanza gusanisha ncha mbili za mita uone zenyewe zina kiasi gani, kisha ukitoe kwenye jibu, maana unapima vitu vya omu moja, mbili, tatu. Kwa volti, weka ncha moja kwenye waya wa ethi wa swichi na nyingine kwenye nguzo hasi ya betri, feni ikiwa namba nne. Ikizidi volti 0.2 hivi, ethi yako ni mbovu, na hiyo nayo hufanya feni ilegee bila rezista kuwa na kosa.

Ampea za mota zipime kwa mita ya koleo inayosoma umeme wa betri. Usipitishe umeme wa feni ndani ya mita ya kawaida yenye kikomo cha ampea 10. Utaua fyuzi ya mita, au mita yenyewe. Usiye na koleo, tumia vidole. Zima kila kitu, ingiza mkono kwenye boksi la feni, sukuma kigurudumu. Kinatakiwa kiendelee kuzunguka chenyewe kidogo baada ya kukiachia. Kikisimama hapo hapo, au ukisikia mkwaruzo, au kikicheza kushoto na kulia, mota ndiyo muuaji uliyekuwa ukimtafuta, na rezista mpya peke yake haitakufaa.

Mota ya waya mbili unaweza kuijaribu nje ya gari kwa kuipa umeme wa betri kupitia fyuzi. Zingatia upande wa waya. Ukigeuza chanya na hasi inazunguka kinyume, na cha ajabu ni kwamba upepo bado unatoka upande ule ule, ila dhaifu sana. Ndiyo maana kuna magari yaliyotoka gereji yakiwa na mota mpya, sauti kubwa, na upepo wa kubembeleza. Tafuta alama ya upande kabla ya kukata plagi.

Kazi yenyewe ya kubadilisha haina miujiza. Kwenye magari ya Kijapani ya usukani wa kulia, feni na rezista vimekaa kushoto, nyuma ya droo ya dashibodi. Toa waya hasi wa betri kwanza na usubiri; Toyota hutaka angalau sekunde 90 kabla ya kugusa maeneo ya karibu na mifuko ya hewa, na plagi za njano usizifungue kabisa. Bana kuta za droo, iteremshe, itoe. Rezista imeshikwa na skrubu mbili kwenye boksi la hewa, mota kwa skrubu tatu hivi kutokea chini. Kabla ya kuchomoa plagi ya zamani, ipige picha kwa simu. Ukiikuta imeungua, kata sehemu yote iliyobadilika rangi, weka vichwa vipya vya waya vilivyobanwa kwa koleo lake, na waya wa unene ule ule. Waya za kusokota na kufunga selotepu hazina nafasi kwenye mzunguko wa ampea 20.

Dukani, iwe Gerezani au Kirinyaga Road, usiende na jina la gari tu. Nenda na kifaa cha zamani mkononi na usome namba yake. Kwa Toyota tarakimu tano za kwanza ndizo zinazotaja aina ya spea: 87138 ni rezista ya feni, 87103 ni mota pamoja na kigurudumu chake, 87165 ni kidhibiti cha kielektroniki. Zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari na gari. Rezista mbili zinaweza kulingana umbo na idadi ya pini lakini omu zikatofautiana. Spea iliyotoka kwenye gari lililokatwa Japani mara nyingi ni chaguo zuri kuliko mpya isiyo na jina, mradi uipime omu pale pale dukani na uzitazame pini zake kama hazina weusi.

Kidhibiti nilichokitaja ndicho utakachokikuta kwenye gari lenye AC ya kujiongoza, ile unayoiwekea nyuzi 22 na kuiacha iamue yenyewe. Hakina koili. Kina transista iliyopachikwa kwenye bamba la alumini lenye mapezi, nayo imesimama kwenye upepo vilevile. Aina ya zamani huzuia umeme kidogo kidogo, na joto lake hupanda zaidi kwenye mwendo wa kati: mota ikipata volti 7 na kuvuta ampea 10, transista inabaki na volti 6.5 na wati 65. Aina mpya huukata na kuuachia umeme mara nyingi mno kwa sekunde, kwa hiyo haichemki sana. Transista ikifa huweza kufa ikiwa imefunga, na feni ikapuliza kwa nguvu zote hata ukiizima. Kwa magari yasiyo na rilei ya kuikata, inaendelea hata ufunguo ukiwa mfukoni na asubuhi betri iko chini. Baadhi ya Toyota za miaka ya 2000 zimeunganisha kidhibiti ndani ya mota yenyewe na zina waya tatu: umeme, ethi, na wa kuamrisha mwendo. Hiyo usiipe umeme wa betri kwa kubahatisha. Bila amri haitazunguka, na ukiukosea waya wa amri utaiua ikiwa nzima.

Sababu zinazoua kidhibiti ni zile zile tatu. Niliwahi kusikia mabishano gerejini kuhusu kwa nini kidhibiti cha bei kubwa kimeungua tena, kila mtu akilaumu duka, na hakuna aliyekuwa ameshusha droo kuitazama filta.

Ukishafunga kila kitu, rudisha betri, washa injini, pitisha swichi namba zote ukisikiliza. Kisha iache namba tatu kwa dakika kumi, madirisha yakiwa wazi, na uguse plagi ya rezista na ya mota kwa kidole. Uvuguvugu unakubalika. Ikikulazimu kuondoa kidole, zima, fungua tena, tafuta pini iliyolegea. Usirudishe droo siku hiyo hiyo kama mwenye gari anakubali. Mwambie aje baada ya wiki moja, utazame rangi ya plastiki kwenye plagi, usukume kigurudumu kwa kidole mara nyingine, ndipo uifunge.